Binti yangu anapenda utulivu: akalale wapi huko Mlimani?

Mpendwa Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Njombe, na ninakuandikia kwa ajili ya kifunguamimba wetu, binti ambaye amechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kusomea uhandisi wa umeme. Furaha tuliyonayo nyumbani ni kubwa, lakini kuna jambo moja ambalo tumelizungumza kila jioni kwa wiki mbili bila kulimaliza, nalo ni mahali atakapolala.

Binti huyu tangu utotoni ni mtu wa vitabu na mtu wa kimya. Alipokuwa kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni ya wasichana, alizoea kuamka saa tisa usiku, wenzake wakiwa wamelala fofofo, akaenda darasani kusoma peke yake hadi kengele ya asubuhi ilipogongwa. Likizo akiwa nyumbani husomea jikoni sisi tukiwa tumekwisha kulala, amejifunika blanketi, kiti amekisogeza karibu na mafiga yenye makaa yaliyobaki. Mwenyewe anasema kwamba akisikia watu wakizungumza karibu naye hurudia ukurasa mmoja mara tatu na bado haambulii kitu. Si mgonjwa wala hana kiburi, na marafiki anao, ila ni wachache na wapole kama yeye.

Mbele yetu kuna njia nne. Ya kwanza ni kuomba kitanda katika mabweni ya chuo, ambako atakaa chumba kimoja na wasichana asiowajua. Ya pili ni hosteli ya mtu binafsi huko Changanyikeni, mtaa ulio jirani na chuo, ambako dalali ametuambia kuna chumba cha mtu mmoja, kimya kabisa, kwa kodi ya miezi sita inayolipwa kwa mkupuo. Ya tatu ni kukaa kwa mdogo wangu anayeishi Kimara na mke wake na watoto wanne. Yeye amekwisha kuniambia kwamba mtoto wa kaka hapangi chumba mjini wakati baba yake mdogo yupo, na kwamba mwisho wa mwezi atanunua godoro. Ya nne ni ya binti mwenyewe: rafiki yake aliyemtangulia shuleni, ambaye sasa yuko mwaka wa tatu, amemwahidi kwamba akikosa kitanda atambeba, yaani watalala wawili kitanda kimoja.

Kuhusu fedha, amepata mkopo wa serikali kwa sehemu. Mimi nimevuna miti ya misindano niliyoipanda mwaka aliozaliwa, kwa hiyo nikijikaza ninaweza kulipa kodi ya hicho chumba cha peke yake. Mama yake anataka aende Kimara kwa sababu ya usalama. Jirani zetu wanasema bweni la chuo ni kelele mchana na usiku na kwamba mtoto mwenye tabia kama yake hatastahimili hata muhula mmoja. Wengine wanasema kinyume, kwamba achanganyikane na watu ili huo upole umtoke. Nisaidie, maana sitaki kukosea mahali pa kumweka mtoto katika mwaka wake wa kwanza.

Baba wa Kifunguamimba, Njombe

*

Mwalimu, salaam na hongera kwa malezi. Miti ya misindano uliyoipanda mwaka aliozaliwa binti imekua pamoja naye, na sasa unaiuza ili asome. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya sentensi hiyo moja.

Nitakupa jibu kwanza. Binti aombe kitanda ndani ya eneo la chuo, aombe mapema, na akipata akichukue hata kama chumba ni cha watu wanne. Ninakushauri hivyo nikijua kwamba chumba hicho hakitakuwa kimya, na ninaomba uniruhusu nieleze kwa nini hilo halinitishi.

Njia zote nne ulizozitaja mmezipima kwa swali moja, yaani wapi kuna chumba kimya. Kwa Dar es Salaam, swali hilo halina jibu litakaloridhisha. Njombe usiku watu hufunga madirisha kwa sababu ya baridi, na nyumba ikishafungwa hata mbwa wa jirani husikika kwa mbali. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na usiku hakuna anayelala dirisha likiwa limefungwa, isipokuwa mwenye kiyoyozi. Kila kinachotokea nje huingia ndani: bodaboda, jenereta, sabufa ya jirani, watu wanaopiga soga barazani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele katika makazi, lilipendekeza kiwango kisichozidi desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala, na watu wawili wakizungumza kwa sauti ya kawaida hufika takriban desibeli 60. Hakuna dalali wa Changanyikeni, Savei wala Msewe anayeweza kukuuzia hizo 30, hata ungekata msitu mzima.

Kwa hiyo swali ninalokuomba ulibadilishe ni hili: kutoka kitanda chake hadi kwenye kiti kitulivu cha kusomea ni hatua ngapi, na je, msichana anaweza kuzitembea saa tatu usiku bila hofu? Kitanda ni cha kulalia, na mahali pa kusomea patafutwe penginepo. Binti yako tayari anaijua siri hiyo kuliko sisi sote. Hukuniandikia kwamba alikuwa akisoma bwenini usiku. Uliandika kwamba alikuwa akitoka bwenini na kwenda darasani. Hata nyumbani hasomei chumbani mwake, husomea jikoni. Maisha yake yote amekuwa akitenganisha mahali pa kulala na mahali pa kusoma, na chuo kinamtaka aendelee na desturi hiyo hiyo, isipokuwa jikoni patakuwa pakubwa zaidi.

Pale Mlimani jikoni hapo papo. Maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikusudiwa kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Jioni, vyumba vya mihadhara ambavyo havina kipindi hugeuka kuwa vyumba vya kujisomea, na mwanafunzi mwenye macho hugundua katika wiki chache ni kipi huwa na watu watano tu. Halafu kuna vimbweta, yale meza na viti vya zege vilivyojengwa nje chini ya miti, ambavyo kila aliyepita pale anavikumbuka. Vimbweta ni mahali pa majadiliano, na mchana huwa na kelele kama soko. Lakini mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali, kimbweta kimoja chini ya mwembe hukaa kimya kuliko chumba chochote cha kupanga. Vitu hivi vyote viko ndani ya uzio wa chuo. Anayelala ndani huvifikia kwa miguu, anayelala nje huvifikia kwa nauli na kwa kuangalia saa.

Hapa ndipo hosteli ya Changanyikeni inaponitia shaka, pamoja na uzuri wa chumba cha peke yake. Mwanafunzi wa uhandisi huwa na vipindi, maabara na kazi za vikundi siku nzima, na mara nyingi kikundi hukutana jioni. Akiishi nje, kila jioni atakuwa na uamuzi wa kufanya: abaki maktaba hadi usiku kisha atafute bajaji, au aondoke saa kumi na mbili wakati bado kuna mwanga na akasomee chumbani. Wengi huchagua kuondoka, na hilo ni jambo la busara kwa msichana, lakini maana yake ni kwamba kile chumba cha peke yake ndicho kinakuwa maktaba yake, na kelele za mtaa huo ndizo zinakuwa kelele zake. Chumba cha mtu mmoja humkinga dhidi ya wenzake watatu tu. Muziki wa grosari iliyoko ng'ambo ya barabara utaingia kama kawaida.

Liangalie pia suala la fedha. Fedha ya kujikimu inayotolewa na Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 imekuwa shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepangiwa kiwango kamili, huja kwa mafungu, na mwanafunzi huyo huyo anatakiwa ale, asafiri na anunue karatasi kwa fedha hiyo. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali kwa kawaida anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Ukishalipa umefungwa: chumba kikigeuka kuwa na kelele, binti atakaa na kelele hiyo hadi miezi sita iishe, kwa sababu anajua ni miti yako iliyolipia na hatakuambia. Ninakuomba ulitafakari hilo la mwisho. Watoto wapole huwa hawalalamiki wakijua mzazi amejinyima.

Sasa niseme kuhusu kulala chumba kimoja na watu usiowajua, maana nahisi hapo ndipo hofu yenu ilipo. Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa chumba cha wasichana wanne, vitanda viwili vya deka, meza moja, taa moja ya dari. Kulikuwa na wawili wenye maneno mengi, mimi niliyekuwa katikati, na mmoja kutoka Tukuyu ambaye alikuwa mfano wa binti yako. Huyu wa Tukuyu alilala kitanda cha chini na alikuwa amekizungushia kitenge pande zote kwa vibanio vya nguo, na ndani ya kitenge hicho ndiko kulikuwa nyumbani kwake. Hakuwahi kupaza sauti. Hata hivyo, kufikia wiki ya nne, aliyechukiwa katika chumba kile alikuwa yeye, na wale wenye maneno walipendwa. Kila usiku saa tisa aliamka, akawasha taa ya dari, akaanza kutafuta kalamu yake ndani ya mfuko wa rambo. Wakati huo mifuko ya plastiki ilikuwa haijapigwa marufuku, na wale walioijua wanakumbuka jinsi ilivyokuwa ikilia usiku. Alijitahidi kuufungua polepole ili asituamshe, na polepole hiyo ndiyo iliyotuua, kwa sababu badala ya mlio mmoja tulipata milio arobaini. Yeye aliamini kwamba anaishi na watu wenye kelele wasiojali masomo, na sisi tuliamini kwamba tunaishi na mtu asiyejali usingizi wa wenziwe. Hakuna aliyesema neno hadi mmoja wetu alipolia siku ya mtihani.

Tulipokuja kuzungumza, jambo lilimalizika kwa dakika kumi. Tulichanga fedha tukanunua taa ndogo ya mezani, akaahidi kuandaa vitu vyake kabla ya kulala, na wale wawili wakaahidi kuhamishia soga zao kwenye ngazi ifikapo saa nne usiku. Ninasikitika mpaka leo kwamba dakika kumi hizo zilichelewa kwa wiki nne.

Ndiyo maana ninataka binti yako aanzishe mazungumzo hayo katika wiki ya kwanza, kabla mtu hajamkosea mtu. Ni vigumu kwa mtoto mpole, lakini ni rahisi zaidi wakati bado hakuna lawama. Mfundishe maneno yenyewe, kama ulivyokuwa ukiwafundisha wanafunzi wako salamu. Anaweza kusema hivi: “Jamani, mimi nina tabia ya kuamka mapema sana kusoma. Sitawasha taa ya chumba, nitatoka. Je, nikifungua mlango saa kumi na moja alfajiri nitawasumbua? Na nyinyi mna tabia gani ambayo tuijue?” Aanze na usumbufu wake mwenyewe, si wa wengine. Akianza kwa kusema anapenda kimya, wenzake watasikia kwamba wamepata kiranja chumbani. Akianza kwa kukiri kwamba yeye ndiye atakayewasumbua, kila mmoja atakiri la kwake, na hapo saa ya kuzima muziki itapatikana bila ugomvi. Ikitokea mwenzake mmoja hashikiki kabisa, wapo wadeni, yaani wasimamizi wa mabweni, na ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na kuomba kubadilishiwa chumba si aibu. Lakini aende akiwa ameshajaribu kuzungumza, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.

Kuhusu ile saa tisa usiku, hapo nitakuwa mkali kidogo. Desturi hiyo ilimfaa shuleni, ambako darasa lilikuwa jirani na bweni na mlinzi alimfahamu. Chuoni sitaki msichana wa mwaka wa kwanza awe anatembea peke yake saa tisa usiku kutafuta darasa lililo wazi. Ahamishe saa zake: asome jioni maktabani, arudi bwenini akiwa na wenzake wawili watatu wanaoelekea huko, alale mapema, aamke saa kumi na moja alfajiri, na mwanga ukianza kutoka aende kwenye kimbweta. Wiki mbili za kwanza zitamchosha, kisha mwili utazoea.

Ulisema kwamba akisikia watu wakizungumza hurudia ukurasa mara tatu. Mwambie hilo si kasoro yake. Maneno ya watu, hasa maneno tunayoyaelewa, hushindana kichwani na maneno tunayoyasoma, wakati sauti inayovuma mfululizo bila maana husumbua kidogo zaidi. Pangaboi linalozunguka juu ya kichwa, ambalo Dar es Salaam hana budi kulala nalo, litamsaidia kufunika minong'ono. Vizibo vya masikio vya famasi navyo ni vya bei ndogo. Kitu ambacho hakitamsaidia ni kujaza masikio kwa nyimbo ili asisikie mazungumzo, kwa sababu nyimbo zenye maneno ni sawa na kumkaribisha mzungumzaji wa tano chumbani.

Iwapo atapata nafasi ya kuchagua chumba, au hata kitanda, aangalie mambo machache. Chumba kilicho mwisho wa korido ni bora kuliko kilicho karibu na ngazi, kwa sababu ngazi ndiyo njia ya kila mtu na ndipo watu husimama kumalizia mazungumzo. Chumba kinachopakana na bafu na mabomba husikia ndoo kuanzia saa kumi na moja. Ghorofa za juu hupata upepo na huwa mbali na wapita njia, ingawa maji yakikatika atapandisha ndoo, na ni vizuri aijue gharama hiyo tangu mwanzo. Chumbani, kitanda cha chini huzungushiwa kitenge kwa urahisi, na faragha hiyo ndogo kwa mtu mpole ni kitu kikubwa.

Mabweni ya chuo si ya aina moja. Yapo mabweni ya zamani ya Mlimani, yapo yale yanayojulikana kama Mabweni ya Magufuli, yaliyofunguliwa Aprili 2017 yakiwa na majengo 20 yaliyokusudiwa kuchukua wanafunzi 3,840, na ipo Mabibo, ambayo ni ya chuo lakini iko nje, upande wa pili wa Ubungo, na mkazi wake huhitaji usafiri kila siku. Akipangiwa Mabibo asikatae, ila ajue kwamba ratiba yake itafungwa na usafiri na kwamba jioni za maktaba zitapungua. Kwa mwanafunzi wa aina yake ningeiweka Mabibo chini ya bweni lolote la ndani ya chuo, na juu ya chumba cha mtaani.

Vitanda haviwatoshi wanafunzi wote, na hilo halijaanza jana. Tangazo la maombi ya makazi likitoka ombi lake liingie siku hiyo hiyo, na akipangiwa alipe ndani ya muda uliotajwa, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo aliyopewa na chuo, si kwa mtu yeyote anayedai ana kitanda cha kuuza.

Akikosa kabisa, ndipo nitakubali chumba cha kupanga, kwa masharti. Kisiwe mbali kiasi cha kuhitaji gari. Kiwe katika jengo la wasichana lenye mlinzi na maji. Na ningependelea chumba cha wawili kuliko cha peke yake, kwa ajili ya usalama na kwa ajili ya kugawana kodi. Na kabla ya kulipa hata shilingi, mtu mzima mmoja wa familia aende kukiona Ijumaa au Jumamosi kati ya saa tatu na saa tano usiku. Dalali atakupeleka Jumanne saa nne asubuhi, wakati wapangaji wako kazini na baa imefungwa, na kila chumba duniani ni kimya saa hiyo. Huyo mtu mzima asimame ndani, azime simu, anyamaze robo saa na asikilize. Kisha amuulize mpangaji mmoja, si mwenye nyumba, umeme wa LUKU unagawanywaje na lango hufungwa saa ngapi.

Njia ya nne, ya kubebana, ninaikataa kwa binti huyu. Ninawaheshimu sana wanaobebana. Ni moyo wa utu uliowasomesha wengi ambao wangekosa pa kulala, na rafiki yake ametoa ahadi ya dhahabu. Lakini kulala wawili kitanda kimoja kunamaanisha kuishi muhula mzima ukiwa mgeni, ukiomba radhi kwa kila kitu, na mgeni hawezi kuomba taa izimwe. Kwa siku tatu za dharura, sawa. Kwa muhula, hapana.

Jirani wanaotaka achanganyikane na watu ili upole umtoke uwajibu kwa adabu na usiwafuate. Kupenda utulivu ni tabia, haihitaji tiba. Kitu cha kuangalia ni upweke, ambao ni jambo jingine na huweza kujificha nyuma ya tabia hiyo. Akishakaa wiki mbili, mpigie na umuulize majina ya wenzake wa chumbani na wanatoka mikoa gani. Akikutajia wote watatu, na akaongeza kwamba mmoja wao anakoroma, mambo yako sawa. Akiwa hajui hata jina moja, mpigie tena keshokutwa, na keshokutwa yake.

Haraka ya kumtulizia mahali pa kulala inatokana na jambo moja la kitaaluma. Kwa utaratibu wa Mlimani, kazi za muhula huchangia alama 40 kati ya 100 na mtihani wa mwisho 60. Majaribio ya kwanza huja kabla mwanafunzi mgeni hajamaliza kujua njia za chuo, na mwenye kuhamahama vyumba wiki tano za mwanzo anaweza kuzipoteza alama ambazo mtihani wa mwisho hautamrudishia.

Nimemwacha mdogo wako wa Kimara mwisho kwa sababu yeye ndiye anayehitaji uangalifu mkubwa kuliko vyumba vyote. Ninaamini ametoa neno lake kwa mapenzi. Lakini fikiria nyumba yenye watoto wanne, sebule moja, runinga moja. Binti yako akiwa pale hatakuwa mpangaji, atakuwa dada mkubwa, na dada mkubwa hawezi kufungua kitabu wakati mama yake mdogo anaosha vyombo, wala hawezi kuwaambia wadogo zake wanyamaze katika nyumba ya baba yao. Hakuna anayekosea hapo. Ndivyo nyumba zetu zilivyo, na ni uzuri wake. Kisha kuna safari: mwendokasi kutoka Kimara hadi Ubungo, kushuka, kuunganisha daladala, kila siku, kwenda na kurudi. Mama yake anaposema usalama, mwambie kwamba msichana anayebadilisha magari Ubungo saa mbili usiku hana usalama kuliko aliye ndani ya lango la chuo.

Hata hivyo, usimwache binti akatae mwenyewe. Akikataa yeye itaonekana ni dharau ya mtoto wa chuo. Ongea wewe, kaka kwa mdogo wake, na usimnyime heshima ya kumpokea mtoto; mpe sehemu yake. Basi la Njombe, baada ya kilomita takriban 700, litamshusha binti kwenye stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na Kimara ni jirani na hapo. Mwombe ndugu yako ampokee stendi, amlaze kwake siku mbili tatu apumzike, kisha amfikishe mwenyewe chuoni na amwone mahali alipowekwa. Mwombe awe ndiye jina linaloandikwa kwenye fomu kama mtu wa kupigiwa simu likitokea lolote. Mwambie kwamba Jumapili moja ya kila mwezi binti atakuja kula kwake na kuwafundisha wadogo zake hesabu. Na ikiwa chuo kitachelewa kumpa kitanda, ni kwa baba yake mdogo atakakosubiri, si kwa rafiki na si kwa dalali.

Ila mpigie wiki hii. Umesema mwisho wa mwezi atanunua godoro, na akishalinunua itakuwa vigumu sana kwenu wote wawili.